Barabara ya pili ya kukimbilia moto: tuanze na gani?

Kijana_wa_Senta
Wandugu habari. Senta yetu iko upande wa Nakasongola, Uganda, tumezungukwa na nyasi ndefu na mashamba ya kalitusi na paini, na miaka hii watu wamejaa, ploti zinauzwa kila siku, nyumba za nyasi zimebanana na za mabati. Njia ya kutoka ni moja tu, marramu inayoenda magharibi kukutana na lami ya Gulu. Kiangazi kilichopita moto wa wachoma mkaa uliruka hiyo barabara, teksi zinageuza, boda zinageuza, ng'ombe wako katikati, yaani ilikuwa vurugu tupu, bahati upepo ulitulia. Sasa sabukaunti ina pesa kidogo ya barabara. Wazee wanataka hii ya zamani ipanuliwe, sisi vijana tunataka ifunguliwe nyingine kusini kupitia bondeni. Pesa haitoshi zote. Nyie mngeanza na gani?

Mama_Swabra_Bombo
Ya pili mwanangu, hata usiulize. Moto ukikata njia, upana utakusaidia nini? Kule Paradise, California, mwaka 2018, mji wa watu kama 26,000, barabara za kutoka chache, foleni ikashika, wengine moto ukawakuta ndani ya magari. Walikufa watu 85. Na barabara yao kubwa, Skyway, ilikuwa imeshapunguzwa leni pale mjini miaka kadhaa kabla.

FundiGreda
Mama, huo mfano utawapa wazee nguvu, si umesema leni zilipunguzwa 😂 Lakini niko na wewe. Kijana angalia upepo, kiangazi kwetu mara nyingi unatoka kaskazini mashariki, maana yake moto unasukumwa upande ule ule mnaokimbilia na hiyo barabara yenu ya magharibi. Ya kusini inawatoa pembeni.

Halafu kitu ambacho maofisini hawakwambii, pesa nyingi ya barabara kama hiyo inaishia bondeni, kalvati na kujaza udongo. Lakini moto wenu unakuja Desemba mpaka Februari na wakati huo bonde limekauka! Kwa kukimbia moto hamhitaji kalvati sita, mnahitaji greda ipite, visiki vitoke, pikapu ipite bila kukwama. Kalvati zitafuata bajeti nyingine. Shida ni moja, njia isiyopitwa na watu mvua ikinyesha misimu miwili inarudi kuwa kichaka, kwa hiyo ipitisheni karibu na shule au kisima watu waitumie kila siku. Na kinamasi kina wenyewe, NEMA, wale wa mazingira wa serikali, watawauliza, anzeni hiyo barua mapema.

Mpita_Njia
Wote mnasahau kando ya barabara. Pedrógão Grande kule Ureno, Juni 2017, walikufa 66, na 47 kati yao moto uliwakuta kwenye barabara moja wakikimbia. Kalitusi na paini zilikuwa zimefika mpaka ukingoni, moshi ukifunga dereva haoni hata boneti yake. Sasa wewe umesema senta yenu imezungukwa na nini? Kalitusi na paini! Kateni miti kando, fyekeni nyasi kwa bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji, kabla ya Desemba, hiyo haingoji bajeti ya mtu.

Kijana_wa_Senta
Kufyeka tunaweza, lakini miti ina wenyewe na hawakai hapa, kuna msimamizi tu na yeye anasema hana ruhusa. Sheria ya kukataza kuchoma nyasi ipo tangu miaka ya 70 na bado kila kiangazi mtu anawasha.

Haji_Boda
Mnaongea magari, nani ana gari hapo? Bibi anatembea kwa mguu na wajukuu watatu, na boda yangu hata nikipakia wanne (polisi msisome) siwezi kurudi mara ya tano kwenye moshi. Moto wa nyasi unakimbia kuliko mtu. Kabla ya greda chagueni pa kusimama, uwanja wa mpira wa shule kama ng'ombe wameula mpaka udongo unaonekana ni mzuri, au shamba lililolimwa. Wasiojiweza waende pale, wenye nguvu waende kusini.

FundiGreda
Haji sawa kabisa, na njia hiyo mpya ipite pale uwanjani.

Mama_Swabra_Bombo
Na mwenye kibanja cha bondeni ameshaulizwa? Katiba inasema alipwe fidia kwanza ndipo ardhi ichukuliwe. Barabara nyingi Uganda zimelala mahakamani kwa sababu greda ilifika kabla ya mazungumzo.

Kijana_wa_Senta
Bado hajaulizwa. Ni shemeji yake mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, na huyo shemeji ndiye anayepigia debe ile ya zamani ipanuliwe 🙈

Haji_Boda
Banange. Basi anza na huyo.