MREJESHO: Trola zilizokuwa zikiburuza jarife (nyavu) zetu usiku, Ghuba la Ungwana

Salaam ndugu zangu. Mwezi wa nne niliuliza hapa tufanyeje na trola, yaani meli zinazoburuza wavu kuvua kamba (uduvi wakubwa), zinazosogea karibu na pwani yetu ya Ngomeni na kuondoka na nyavu zetu usiku. Ahsanteni sana nyote mliojibu.

Uliotusaidia zaidi ni ushauri wa kuandika kila tukio. BMU, kikundi chetu cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ilinunua daftari. Nahodha wetu akiona trola anasoma GPS ya simu, anaandika saa, mahali na rangi ya meli. Sheria mliyonieleza iko wazi: trola ndani ya maili 3 za baharini kutoka pwani marufuku, usiku marufuku, na kuanzia Novemba hadi Machi msimu umefungwa. Tulipeleka kwa afisa wa uvuvi kurasa tisa pamoja na kipande cha jarife kilichochanika, maboya bado yananing'inia kwenye kamba ya juu. Hapo ndipo afisa alipoacha kutuuliza ushahidi uko wapi. Nahodha wa meli moja aliitwa, na wiki ya tano sasa hatujaona taa zao usiku.

Fidia hatujapata. Majina ya meli hayakusomeka gizani, na mzee wetu mmoja aliyepoteza jarife zote sasa anavua kwa mshipi tu. Inaniuma sana.

Kwa atakayepitia hapa baadaye: pigeni picha ubavu wa meli kabla ya magharibi, jina lisomeke, na wekeni taa kwenye maboya. Msimu ukifunguliwa Aprili nitaleta habari tena.