Naombeni ushauri: picha ya bibi na vitukuu wasiotulia

MamaPacha
Habari zenu wapendwa. Ukoo wetu unakutana Morogoro kwa bibi, naye ametaka kitu kimoja tu: picha kubwa akiwa na vitukuu wake wote, aitundike sebuleni. Mkubwa ana miaka kumi, mdogo ndiyo kwanza anasimama dede. Pasaka tulijaribu kwa simu. Mmoja alilia eti mwenzake kamwangalia. Kulwa alivua shati, Doto akamfuata kuku. Bibi wa watu alikaa kwenye jua la saa saba mpaka akachoka. Safari hii tumechanga, mpiga picha anakuja. Tufanyeje bibi asiteseke tena?

Shangazi wa Tanga
Pole mwanangu. Watoto waje mwisho. Bibi akae, watu wazima wapangwe, mpiga picha apime mwanga wake, watoto wakiwa bado wanacheza uani. Utulivu wao ni wa dakika chache, msiumalizie kwenye kupanga viti. Wawe wamelala mchana na wameshakula, ndipo wavalishwe vitenge. Ukiwavalisha kabla ya pilau, utapiga picha ya mafuta.

FundiPicha
Mimi napiga harusi na kipaimara. Saa saba jua liko utosini, macho yote yanaingia kivuli. Pangeni saa kumi na moja jioni, au chini ya mti wenye kivuli kizima, maana yale madoa ya jua yanayopenya majani yanaharibu nyuso. Mwambie mwenzangu kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, isiwe ya polepole kuliko 1/250 ya sekunde, tundu la lenzi liwe dogo kiasi, f/8, ili mstari wa nyuma nao uonekane vizuri, apige mfululizo, na achuchumae awe usawa wa watoto. Kamera ikikaa kwenye stendi, anaweza baadaye kuchukua uso wa mtoto kwenye picha moja akauweka kwenye nyingine.

BabaWatatu
Pipi je? Kwangu zinafanya kazi.

Shangazi wa Tanga
Baada ya picha, baba. Kabla ya hapo ni midomo myekundu na vidole vinavyonata kwenye kitenge cha bibi.

MamaPacha
Asanteni sana. Tatizo lingine ni mashangazi. Wanasimama nyuma ya kamera, kila mmoja anaita mtoto wake.

FundiPicha
Hapo ndipo picha nyingi zinapofia, dada. Watoto wanatazama pande nne. Mwitaji awe mmoja, asimame hapo hapo nyuma ya kamera, kichwa chake kikaribiane na lenzi. Na ninyi mliokaa msiwatazame watoto kabisa! Mara nyingi mtoto anacheka vizuri, kumbe mama yake kageuka anamkaripia. Tazameni lenzi, mtabasamu, watoto mwachieni mpiga picha.

MzeeWaPwani
Zamani filamu ilikuwa na picha 36 na kila moja ina gharama yake, ndiyo maana tulikakamaa. Leo wapigeni picha nyingi bila hofu. Anayelia mpeni bibi ambembeleze, kamera iendelee. Mimi ningetundika hiyo.

MamaPacha
Umenigusa, mzee. Nimeshaandika kwenye kundi la ukoo: saa kumi na moja, mwembe wa nyuma, mwitaji ni mjomba peke yake. Shangazi mkubwa kashauliza kwa nini si yeye.