Lori letu libanwe hadi shingoni, kichwa cha treni cha enzi za Rais Reagan, miaka ya 1980, kiachwe kitoe moshi?

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Naendesha semi Kusini mwa California, nabeba makontena kutoka bandari ya Long Beach hadi maghala ya San Bernardino. Tangu Januari 2023, karibu kila lori zito lenye injini ya kabla ya 2010 limepigwa marufuku jimboni humu, na usajili hupewi. Madereva wenye gari mojamoja, wengi wahamiaji kama sisi, waliuza kwa bei ya kutupa, wakaingia madeni. Chujio la masizi likiziba, gari linajikata nguvu lenyewe ukiwa mlimani na mzigo. Moshi tunapimwa mara 2 kwa mwaka. Umeegesha na injini inaunguruma zaidi ya dakika 5? Faini.

Nimekubali yote. Moshi wa dizeli unaua, na tangu 2012 IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa WHO, imeuweka kwenye kundi moja na sigara na asbesto.

Sasa njooni yadi ya reli. Vichwa vinavyopanga mabehewa humo ni vizee, vinanguruma usiku kucha palepale vilipo. Nyumba za mtaa wa jirani, ukipangusa kioo cha dirisha asubuhi, kitambaa kinatoka cheusi na kina mafuta. Watoto wanakwenda shule na pampu ya pumu mfukoni.

Na sheria inaruhusu! Kanuni ya 2008 ya EPA, wakala wa mazingira wa serikali kuu ya Marekani, inataka vichwa vipya, kuanzia 2015, vifikie kiwango cha moshi kiitwacho Tier 4, kikali kuliko vyote. Cha zamani kikifumuliwa injini na kuundwa upya, kinatakiwa kufikia kiwango cha rika lake tu. Kichwa cha yadi cha miaka ya 1980 kinaruhusiwa gramu 11.8 za oksidi za naitrojeni, gesi chafu za moshi wa dizeli, kwa kila nguvu-farasi kwa saa. Kipya ni 1.3. Injini ya lori ninaloendesha ni 0.2! Na hicho kichwa kizee kinaweza kufumuliwa tena na tena, hakuna siku ya kustaafu.

Aprili 2023 bodi ya hewa ya California, CARB, ilipitisha kanuni: kuanzia 2030, vichwa vilivyozidi miaka 23 vianze kuzuiwa. Chama cha kampuni za reli kikakimbilia mahakamani mwaka huohuo. Kanuni ilihitaji kibali cha EPA, hakikutoka, na Januari 2025, siku chache kabla Trump hajaapishwa, jimbo lenyewe likaondoa ombi lake la kibali.

Msiniambie treni inakula mafuta kidogo kuliko lori kwa tani moja. Najua, ni kweli. Lakini masizi ya yadi hayagawanywi kwa tani, yanaingia kwenye mapafu ya walewale wanaolala jirani. Wala msiniambie haiwezekani. Metrolink, treni ya abiria ya hapahapa, iliagiza vichwa 40 vya Tier 4. Dar hadi Dodoma watu wanapanda treni ya umeme tangu 2024.

EPA iondoe huo upenyo wa kufumua injini, ianze na vichwa vya yadi zilizo katikati ya makazi. Sisi wenye lori moja tulipewa tarehe ya mwisho. Wenye maelfu ya vichwa nao wapewe yao.