Hermanus siku mbili: boti ya nyangumi, bonde la mvinyo au papa wa Gansbaai?

Mwana_Ilala (mleta mada)
Wakuu habari za saa hizi. Nina kikao cha kazi Cape Town, kikiisha nabakiwa na siku mbili za kwangu kabla ya ndege ya kurudi Dar. Jamaa wa ofisini kaniambia nisizimalizie mjini, niende Hermanus: bahari ipo, nyangumi wapo, mashamba ya zabibu yako juu kidogo tu. Nina mambo matatu na hela ya mawili. Boti ya kuwafuata nyangumi, kuzunguka bonde la Hemel-en-Aarde kuonja mvinyo, au Gansbaai kwenye kile kizimba wanachokushusha nacho majini papa wakupitie usoni. Boti natakiwa nilipie kabla ya Ijumaa. Mliofika huko, kipi bora?

Kisauni_Boy
Unaenda mwezi gani? Peke yako? Una gari? Ndugu yangu, umetuuliza bei ya nyumba bila kusema iko mtaa gani.

DadaWaPaarl
Mwezi ndio jambo la kwanza, Kisauni kasema kweli. Nyangumi wa pale wanatoka maji ya kusini kabisa, wanaingia ghuba ya Walker kuanzia Juni kuja kupandana na kuzaa, na Septemba na Oktoba ndio wanajaa. Ukija Februari utalipia kuangalia mawimbi.

Ila mimi boti nisingelipia hata Oktoba. Sifa ya Hermanus ni kwamba nyangumi unamwona umesimama nchi kavu. Kuna njia ya miguu juu ya majabali, kama kilomita 12, toka bandari mpya mpaka upande wa ufukwe wa Grotto. Kaa Gearing's Point, karibu na bandari ya zamani, na chai yako. Mji una hata mtu wa kupiga mbiu nyangumi akionekana, anapuliza baragumu la mwani mkavu. Kazi hiyo ipo tangu 1992. Bure kabisa.

Mzabibu_Mkavu
Boti achana nayo, papa achana nao. Panda bondeni. Hemel-en-Aarde ni Kiafrikaans, maana yake mbingu na ardhi, na ukifika utaelewa walioliita hivyo. Ni karibu na bahari, upepo wa baridi unaingia mchana, zabibu zinaiva polepole. Ndiyo maana pale wanatamba na zabibu za mvinyo za Pinot Noir na Chardonnay, ambazo joto kali linaziharibu. Hamilton Russell ndiye aliyeanza, mwaka 1975, wengine wakamfuata. Usipite mashamba matatu kwa siku, la nne hutajua unachokunywa. Na mwenye kuendesha gari asionje. Trafiki wa huku hawana mchezo.

Fundi_Saa
Naomba niwasimulie ya boti, maana mleta mada anataka kulipa kabla ya Ijumaa.

Nilikwenda miaka michache nyuma, mwezi wa tisa. Kampuni siitaji. Asubuhi nikauliza bahari ikoje, kijana wa kaunta akaniambia "imetulia, kaka". Nikaamini, nikala mayai manne na soseji za hotelini. Tulipotoka tu mdomo wa bandari boti ikaanza kupanda na kushuka kama lifti mbovu. Dakika ya ishirini roho ikachafuka. Nikapewa ndoo ya plastiki ya njano, nikaikumbatia kama mtoto wangu.

Sasa sikilizeni. Mwenye boti akazima injini, watu wote wakakimbilia upande wa kushoto, boti ikalala, mimi nimebaki upande wa kulia na ndoo yangu. Nikasikia pumzi: fuuuuu! Halafu ikaja harufu. Hakuna aliyeniambia pumzi ya nyangumi inanuka kama dagaa waliosahaulika kwenye gunia. Nikarudi kwenye ndoo. Abiria wanapiga picha, wanalia kwa furaha, mzee mmoja wa Kijerumani ananishika bega ananionyesha kwa kidole, nami nainua mkono kumwambia nimeshaona. Sijaona kitu. Nyangumi mama na mtoto wake walikaa pale robo saa, mimi nilichoona ni njano.

Tuliporudi nikaomba hata nusu ya hela. Jibu: "Nyangumi alionekana." Na kweli alionekana!

Kesho yake nikakaa juu ya majabali, nikaona wanne kabla ya saa nne asubuhi. Nimekula mkate mkavu.

Kisauni_Boy
Hahaha, mayai manne na bahari? Hata mtoto wa Likoni anajua hilo. Mtu anatafuna tangawizi, ana dawa ya kutapika amemeza saa moja kabla, anakaa katikati ya boti macho kwenye upeo. Boti usiisingizie.

Na faida yake ipo: boti zenye leseni zinaruhusiwa kumsogelea nyangumi mpaka mita 50, zisizo na leseni zinakaa mita 300. Hiyo ya majabali ni bahati.

Mwana_Ilala
Samahanini, kazi ilinibana. Naenda mwisho wa Novemba. Gari nitakodi. Siko peke yangu, nipo na mke wangu na mama mkwe. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua na hanywi pombe.

DadaWaPaarl
MAMA MKWE? Na ulitaka kumshusha kwenye kizimba cha papa?

Fundi_Saa
Mkuu, haya ndiyo mambo ya kuanza nayo.

DadaWaPaarl
Mwisho wa Novemba wengi wameshaondoka. Wanaokawia ni mama wenye watoto, kwa hiyo unaweza kuona au usione. Kwa tarehe hiyo mimi boti nisingelipa.

Gansbaai nako, kilomita kama 40 mbele, mambo yamebadilika. Papa weupe wakubwa waliadimika tangu 2017, walipoanza kuokotwa ufukweni wamepasuliwa na maini yametolewa. Wahusika ni nyangumi wauaji wawili ambao mapezi yao ya mgongoni yamepinda, wameitwa Port na Starboard. Siku hizi kizimbani mnaona zaidi papa wa shaba. Na maji ni baridi ya kuuma meno.

Sharifa_Tanga
Mimi sinywi na bonde nililipenda. Nilikula chakula cha mchana shambani, meza inatazama mizabibu na milima, mwenzangu anaonja vyake. Mama atafurahi. Mkiwa njiani msipite barabara kuu ya N2, piteni barabara ya R44 ya pwani: Gordon's Bay, Rooi-Els, mpaka Betty's Bay kwenye pengwini wa Stony Point. Pale kuna njia ya mbao, magoti hayateseki. Mfunge vioo tu, nyani wa huko wanajua kufungua milango ya gari.

Mzabibu_Mkavu
R44 inakula muda. Toka Cape Town kwa N2 ni saa moja na nusu, kilomita 120.

Sharifa_Tanga
Yuko likizo, anakimbilia wapi?

Bin_Watamu
Mimi siwaelewi. Nyangumi wanapita hapa Watamu kila mwaka, Julai mpaka Septemba, wale wenye nundu wanaoruka. Maji ya moto, samaki wa kupaka jioni. Mtu anaruka na ndege kwenda kutapikia baridi!

Kilindoni
Na Mafia pia mnao, kuanzia Oktoba, unaogelea nao kabisa.

Bin_Watamu
Huyo ni papa potwe, si nyangumi. Papa potwe ni samaki, ana mashavu ya kupumulia. Nyangumi ananyonyesha.

Kilindoni
Babu yangu alikuwa mvuvi na alimwita nyangumi.

Bin_Watamu
Basi babu alikosea, Mungu amrehemu.

Kilindoni
Babu yupo hai. Nitamwambia.

Kisauni_Boy
Mwiteni babu aingie humu.

Mzabibu_Mkavu
Turudi kwenye mada. Mleta mada akishaonja Pinot ya kule, asije akanunua tena ule mtamu wa Dodoma.

Chamwino_Mkulima
Tuheshimiane. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, kule mara moja. Utamu si kosa la zabibu, ni wateja wa Dar ndio wanaotaka hivyo. Mtengenezaji akitoa mkavu, usio na sukari, hauuziki dukani.

Mzabibu_Mkavu
Sijaitukana zabibu, nimesema chupa.

Chamwino_Mkulima
Chupa imetoka kwenye zabibu za nani?

Mwana_Ilala
Asanteni wote. Nimeongea na mke wangu. Yeye anataka bonde, mama anataka pengwini, mimi bado natamani boti. Ijumaa ni kesho. Swali lingine: mama anauliza kama unga wa ugali unapita uwanja wa ndege, hawezi siku mbili bila ugali.

DadaWaPaarl
Mwambie auache nyumbani. Unga wa mahindi umejaa kila duka, na ugali wenyewe wanauita pap. Abebe sweta.

Fundi_Saa
Na ndoo.