Mimi ni karani wa masijala, wananisukuma nigombee udiwani. Nianzie viti maalum au kata?

Wakuu habari zenu. Nina miaka 29, karani wa masijala ofisi ya umma, na kwenye kikoba chetu mtaani mimi ndiye katibu. Mwaka jana daftari lilipishana na sanduku kwa shilingi 4,000. Tulikaa mpaka saa nne usiku tukaipata: faini iliyoandikwa imelipwa, kumbe mwenyewe bado anayo. Tangu hapo akina mama hawaniachi, nichukue fomu. Nami najipa moyo, mbona Mama Samia naye alianzia ukarani? Mume hajakubali wala kukataa, anacheka tu.

Mzee wa Kijiwe: Binti, usirukie mwisho wa hadithi. Ukarani aliuanza 1977, Baraza la Wawakilishi kaingia 2000, kwa viti maalum. Miaka 23 hiyo! Katikati kasoma Mzumbe, kafanya kazi ya miradi. Jimbo la Makunduchi kalichukua 2010, Umakamu 2015, ndipo 2021 ikamkuta pale. Viti maalum vilikuwa mlango, hakuhamia mlangoni.

Kalamu Nyekundu: Ongeza Anna Makinda. Bungeni kaingia 1975 ana miaka 26, Uspika kaupata 2010. Piga hesabu mwenyewe.

Tozo: Mimi nasema kata. Diwani wa viti maalum hana kata yake. Utahangaikia kisima, siku ya kuzindua anayekata utepe ni mwenye kata.

Mama Wawili: @Tozo, kwani ameambiwa huko kata kuna mteremko? Nimewahi kugombea. Kura za maoni ni wajumbe, na wajumbe si watu, viti maalum au kata. Wamekula pilau langu, wameniita mheshimiwa, nikapata kura 6. Dada, hao wa kikoba wana kadi za chama, au wanakupenda tu?

Kalamu Nyekundu: Halafu wewe ni mtumishi wa umma. Kabla ya fomu, muone afisa utumishi akuoneshe waraka unasemaje. Watu wamepoteza ajira kwa kutouliza.

Mleta uzi: Asanteni. @Mama Wawili, swali lako limeniumiza. Tuko 30, nimepita kuuliza jioni hii: wenye kadi ni 4, na mmoja wao ni yule wa faini.