Edna Purviance au Margaret Dumont: nani alimbeba nyota vizuri zaidi?

Jicho_la_Pembeni: Wakuu, nikitazama vichekesho vya zamani vya Hollywood siku hizi simwangalii nyota, namwangalia mama aliye pembeni yake. Nimebaki na wawili. Edna Purviance aliigiza na Charlie Chaplin filamu zaidi ya 30, kuanzia 1915. Margaret Dumont alikuwa yule bibi tajiri anayetongozwa na kutukanwa na Groucho Marx, mmoja wa ndugu wachekeshaji wa Marx, katika filamu saba, 1929 hadi 1941. Ninyi mngemchagua nani?

BintiPwani: Edna! Chaplin alimtoa kwenye kazi ya ukarani San Francisco, jukwaa hakulijua, na filamu zenyewe bubu. Mtazame kwenye The Kid (1921) akitoka hospitali na mtoto mchanga asiye na baba wa kumlea. Pale hakuna kichekesho hata kimoja, lakini bila huzuni ile filamu nzima isingesimama.

Mzee_wa_Projekta: Dada, kwangu ni Dumont. Groucho alipenda kusimulia kwamba mama huyu hakuwa akielewa utani. Siamini kabisa. Alikuwa mtu wa jukwaani miaka mingi, na The Cocoanuts na Animal Crackers alizicheza kwenye jukwaa la Broadway, New York, na ndugu wa Marx kabla hazijawa filamu. Utani uleule, usiku baada ya usiku, asiuelewe? Tazama Duck Soup (1933). Anasifiwa, uso unachanua. Tusi linafuata papo hapo, uso unasita. Kisha anasamehe, maana bado anampenda. Yote hayo kwa sekunde chache, na hacheki. Angecheka yeye, sisi tusingecheka.

Kandili: Mmemsahau Thelma Todd. Naye alicheza na akina Marx, 1931 na 1932, na kwa mtayarishaji Hal Roach alikuwa na filamu fupi zake na ZaSu Pitts, baadaye Patsy Kelly. Huyu aliweza kuupokea utani na kuuanzisha. Alifariki Desemba 1935 akiwa na miaka 29 tu, inaniuma mpaka leo.

Jicho_la_Pembeni: Kandili, umeniongezea kazi. Kuhusu Edna, Chaplin alimpa nafasi kuu kwenye A Woman of Paris (1923), watazamaji hawakuja kwa wingi, na njia yake ikafifia. Hata hivyo Chaplin aliendelea kumlipa mshahara hadi Edna alipofariki 1958.

BintiPwani: Mzee, hoja ya uso umenishika nayo. Narudia Duck Soup leo usiku. Kura yangu bado ni ya Edna.