Daraja la vijiti limelala kwa kilo 11, naombeni ushauri

Mpenda_madaraja: Wakuu habari za mda huu. Tuna mashindano shuleni wiki tatu zijazo, daraja la vijiti vya aiskrimu na gundi tu, livuke nafasi ya sentimita 60 na lisizidi gramu 400. Langu la kwanza nimelijaribu jana, nikaning'iniza ndoo katikati nikawa namimina mchanga taratibu, kufika kilo 11 upande wa juu ukapinda kuelekea pembeni kama nyoka halafu lote likalala. Cha ajabu chini kumebaki kuzima kabisa, na chini ndo nilikoweka vijiti vitatu vitatu maana niliona ndo kunakobeba ndoo. Niongeze viwe vinne au tatizo ni gundi? Nimeumia sana aisee, nililijenga siku nne.

Fundi_mshazari: Pole sana. Chini usiongeze kitu. Mzigo ukikaa katikati chini kunavutwa, juu kunakandamizwa. Shika kijiti uvute ncha zote mbili, hukikati. Sasa kisimamishe mezani ukibonyeze kwa kidole, kinatoa tumbo hata hujatia nguvu. Na urefu ndo unaua, kipande kikiwa kirefu mara mbili uwezo wake wa kukandamizwa bila kupinda unabaki robo, mwanahisabati Euler alishalikokotoa hili karne ya 18. Kwani zile fremu mbili za pembeni, kule juu umeziunganisha vipi?

Mpenda_madaraja: Pembeni nina pembetatu kila mahali, ila juu nimekatisha vijiti viwili tu, mwanzo na mwisho.

Fundi_mshazari: Basi ndo hapo. Katikati yote hakuna kinachoushika upande wa juu usiende pembeni. Katisha kijiti kila panapokutana pembetatu, kati yao weka mshazari, yaani kijiti cha kukatiza kona kwa kona. Halafu vijiti vya juu usivilaze kimoja juu ya kingine, gundisha viwili viwe umbo la L, uzito ule ule ila kupinda ni kazi.

Nondo: Naunga mkono, tena hili liliwahi kuua watu. Daraja la Quebec kule Kanada lilianguka tarehe 29 Agosti 1907 likiwa bado linajengwa, wafanyakazi 75 wakafa, na kilichoanza ni vyuma vilivyokuwa vinakandamizwa kupinda. Kule vilikuwa vya chini, kwa sababu lilikuwa linatokeza hewani toka kwenye nguzo, kwa hiyo usikariri juu au chini, jiulize kipande hiki kinavutwa au kinabanwa.

Mama_karakana: Gundi gani mwanangu?

Mpenda_madaraja: Ile nyeupe ya karatasi mama.

Mama_karakana: Tumia ya mbao. Vijiti vipandiane, usivigusanishe ncha kwa ncha, paka nyembamba, bana na vibanio vya nguo na usiguse mpaka kesho yake. Kwenye maungio pakwaruze kidogo na msasa kwanza. Na ndoo itundike kwenye fundo pembetatu zinapokutana, ukiitundika katikati ya kijiti unakivunja kijiti hicho peke yake daraja likiwa bado lina nguvu.

Mpenda_madaraja: Kumbe!! Mimi niliitundika katikati ya kijiti kabisa. Shukrani sana wote, naanza upya leo. Swali la mwisho, mshazari wa juu niweke kila chumba, yaani kila nafasi kati ya vijiti viwili vilivyokatiza, au niruke kimoja kimoja kuokoa gramu?

Fundi_mshazari: Kila chumba. Gramu punguza kule chini, vitatu vitatu viwe viwili.